Naomba ushauri: "Isn't he" au "Is he not" katika maswali ya mdomo?

Ndugu zangu, ninafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Tukuyu, na nimekwama kwenye maswali yenye ukanushi. Nimewazoesha wanafunzi kusema "Isn't he coming?", lakini mmoja wao alipolirefusha swali hilo alipata "Is not he coming?", ambalo masikioni mwangu ni la kizamani, kwa kuwa katika umbo refu "not" hukaa baada ya kiima: "Is he not coming?". Kinachonitatiza zaidi ni "Aren't I late?", linalokubalika katika mazungumzo ilhali hakuna asemaye "I are" (niliulizwa hilo darasani, nikabaki kukuna kichwa). Je, umbo refu likitamkwa husikika kama ukali au heshima, na nitangulize lipi?