Tupeane uzoefu: kwenda sawa na msimamizi wako wa PhD (Arusha na Moshi)

Mwenye uzi: Wakuu, habari za jioni. Walioko vyuo vya Tengeru (Nelson Mandela), KCMC (chuo cha tiba Moshi), Ushirika (Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi) na kwingineko, karibuni. Tuweke mbinu zinazofanya kazi, kwa maelezo kamili, ili anayeanza asipotee.

Naanza na muhtasari wa kikao. Ukitoka ofisini kwa msimamizi, siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe, mistari kumi inatosha: tulichokubaliana, nitakachofanya, ninachosubiri kwako, tarehe ya kuonana tena. Nakala iende kwa msimamizi wa pili. Miezi mitatu baadaye Prof akiuliza, "Nani alikuambia upunguze visima vya kupima kutoka 60 hadi 40?", unairudisha ile barua, hakuna ubishi. Ana vipindi, ana safari, ana wanafunzi wengine. Kusahau ni kawaida.

Mdau wa Tengeru: Naongezea kwenye rasimu, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Kumtumia mtu kurasa 180 na maneno "naomba maoni" ni kumpa mzigo asiojua aushike wapi, kwa hiyo anauweka pembeni. Mpe sura moja na swali linalojibika. Mfano:

"Shikamoo Prof. Nimeambatisha Sura ya 3, kurasa 24. Naomba uangalie zaidi kipengele 3.4: je, idadi hii ya sampuli inatosha kulinganisha misimu miwili? Nitashukuru nikipata maoni kufikia Ijumaa ijayo. Wakati nasubiri, naendelea na Sura ya 4."

Maoni yakirudi, tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu palepale. Usiruke hoja kimyakimya. Akikuta kosa lile lile mara ya pili anaacha kusoma kwa makini, na hapo umeumia wewe. Na tafadhali, rasimu zisipitie WhatsApp. Zinapotea.

Mama Utafiti, Moshi: Vibali navyo vinaharibu mahusiano sana, kwa sababu fomu nyingi zinataka sahihi ya msimamizi. Utafiti wa afya unaohusu binadamu unapita kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Wanyamapori, ni TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) hapo Arusha. Kama sampuli zinakwenda maabara ya nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo nao una taratibu zake.

Hesabu kurudi nyuma kuanzia msimu. Chukua mtu anayepima floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji) kwenye visima vya Ngurdoto na Maji ya Chai huko Arusha, kuona vinavyozidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Anahitaji maji ya kiangazi na ya masika. Masika yanaanza Machi. Fomu ikikaa mezani hadi Juni, atasubiri masika ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo fomu ipelekwe Oktoba, imejazwa yote, pa kusaini pamewekwa alama. Tena kabla ya kuzunguka visima vyote, pima vitano, umwonyeshe msimamizi namba. Hapo ndipo atakuuliza kama ulitumia chupa za plastiki au za kioo (floraidi hushikana na kioo, kipimo kikashuka), na kosa litakuwa la visima vitano tu.

Mdau wa Tengeru: Umegusa penyewe, mama.

Kijana wa Njiro: Wasimamizi wawili wakivutana je?

Mwenye uzi: Usiwe tarishi wa kubeba maneno huku na huku. Omba kikao cha wote wawili, nusu saa, ukiwa na ukurasa mmoja: njia A, njia B, muda na gharama ya kila moja. Wakubaliane mbele yako, uandike. Majina ya waandishi kwenye makala na mpangilio wake, yazungumzwe kabla ya kukusanya data. Baada ya matokeo mazuri, mazungumzo hayo huwa magumu mno.

Kijana wa Njiro: Na akistaafu katikati?

Mama Utafiti, Moshi: Usingoje barua ya kustaafu. Ukijua mapema, iandikie idara iteue wa kuchukua nafasi yake, na huyo mpya aanze kuhudhuria vikao wakati wa zamani bado yupo. Mpe zile barua za muhtasari zote, kwa mpangilio wa tarehe.