Naombeni ushauri: mkondo kutoka kwenye ncha za silikoni unagota, nibadili waferi au nibaki nayo?

Mwenye uzi

Wakuu, habari zenu. Nipo kwenye utafiti wa kathodi baridi, ile isiyopashwa moto, ambayo elektroni hung'olewa kwenye uso wa silikoni kwa nguvu ya uga wa umeme peke yake. Nina chipu mbili, zote za silikoni ya aina p (yenye elektroni huru chache), ukinzani mahususi takriban ohm-sentimita 10. Ya kwanza ina nguzo zenye vichwa bapa, kimo mikromita 10 na kipenyo mikromita 1. Ya pili ina koni zilizonolewa kwa kuoteshwa oksidi kisha kuiondoa. Anodi, yaani bamba chanya linalopokea elektroni, iko umbali wa mikromita 100, na kwenye njia ya umeme kuna rezista ya megaohm 100.

Kwenye ncha za koni, mkondo unapanda vizuri mwanzoni halafu unagota. Naongeza volti, wenyewe haupandi. Nikizidi kulazimisha, unaruka ghafla, na nikienda kwenye hadubini nakuta baadhi ya ncha zimeyeyuka. Kwenye nguzo, grafu ya Fowler na Nordheim (ile ya mkondo dhidi ya volti, ambayo mteremko wake hupimia ukali wa uga usoni) inanipa kizidishio cha uga cha 1,800, yaani uga usoni ni mara 1,800 ya volti gawanya kwa pengo, na msimamizi wangu anataka nieleze kinatoka wapi. Ombwe langu ni 10⁻⁶ mbar. Waferi (visahani vya silikoni) za aina n, yenye elektroni huru nyingi, ninazo. Nihamie huko?

Mpima Mikondo

Mkuu, usihame kabla hujaelewa hicho unachokiona, maana kuna watu wanakitafuta kwa makusudi.

Kwenye aina p, elektroni ni chache. Wenye nyumba ni mashimo, yaani nafasi zilizokosa elektroni, ambazo hubeba chaji chanya. Uga mkali unapopenya kwenye ncha unayafukuza mashimo, na chini ya uso inabaki tabaka tupu. Elektroni zinazong'oka kwenye uso zinazaliwa ndani ya tabaka hilo, kwa joto au kwa mwanga. Mwanzoni mkondo unaamuliwa na kizuizi kilichoko usoni, yaani ukuta wa nishati ambao elektroni lazima ipenye ili itoke, ndiyo maana unapanda kwa kasi. Ikifika mahali elektroni zinatoka haraka kuliko zinavyozaliwa, kinachoamua sasa ni uzalishaji, na kuongeza volti kunatanua tu lile tabaka tupu.

Kulihakikisha hili ni rahisi. Kaa kwenye sehemu iliyogota, volti usiziguse, kisha mulika chipu kwa taa kupitia dirisha la chemba. Mkondo ukipanda na ukarudi ulipozima taa, jibu umelipata. Halafu ipashe chipu joto kidogo, nao utapanda vilevile. Aina n iliyochanganywa vya kutosha na kemikali za kuongeza elektroni haitakuonyesha hayo.

Mchora Grafu

Mimi naomba niiseme hiyo 1,800, kwa sababu imepotosha watu wengi na naona nambari kama hizo zikichapishwa bila kuulizwa.

Chukua volti 1,000 kwenye pengo lako la mikromita 100. Hiyo ni volti 10 kwa mikromita, yaani 0.01 kwa nanomita. Zidisha kwa 1,800, unapata volti 18 kwa nanomita. Silikoni tuihesabu kuwa na kizuizi cha eV 4.5: ukiingiza mvuto wa taswira ya elektroni (uso kuivuta elektroni irudi), kama walivyofanya Murphy na Good mwaka 1956, kizuizi chote kinazama uga ukifika karibu volti 14 kwa nanomita. Kwa hiyo grafu yako inadai elektroni zinapenya ukuta ambao haupo tena. Haiwezekani. Utoaji wa kawaida huanza kuonekana kwenye volti chache tu kwa nanomita.

Sasa tazama umbo. Nguzo yenye kimo mikromita 10 na nusu-kipenyo 0.5, hata ungeiviringisha kichwa, inakuza uga takriban mara 20. Hiyo inakupa volti 0.2 kwa nanomita, ndogo mno. Basi elektroni zinatoka kwenye vitu vidogo zaidi: ukingo mkali wa kichwa, mikwaruzo ya kuchonga kwenye ubavu, masalia membamba kama nywele. Na mteremko wa grafu umelala kwa sababu umeingiza pointi za sehemu iliyogota. Mteremko ukilala, kizidishio kinavimba.

Fanya hivi: toa kwanza volti zinazoliwa na rezista. Kwa megaohm 100, mkondo wa mikroampea 1 unakula volti 100 nzima! Kisha pima mteremko kwenye pointi za chini tu, kabla ya kugota. Msimamizi mwambie kwamba kizidishio kinachotoka kwenye data iliyogota hakielezei umbo la nguzo.

Ombwe Safi

Nakubaliana na wote wawili, ila 10⁻⁶ ni chafu kwa ncha. Molekuli zinatua usoni na kuondoka, kila moja inabadilisha kizuizi, mkondo unachezacheza. Mbaya zaidi, elektroni zinagonga gesi na kuzalisha ayoni chanya, ambazo zinarudi kwa kasi kuitwanga ncha yenyewe. Pasha chemba moto wa nyuzi 150 hadi 200 usiku kucha ili maji yatoke kwenye kuta, shuka angalau hadi 10⁻⁸, ukiweza 10⁻⁹.

Halafu usisahau oksidi ya asili. Silikoni ikikaa hewani inajivika tabaka la nanomita 1 hadi 2. Huondolewa kwa asidi ya hidrofloriki iliyozimuliwa, kisha chipu inaingizwa kwenye chemba bila kuchelewa. Mkuu, asidi hiyo usiishike ukiwa peke yako. Inapita kwenye ngozi bila maumivu makali mwanzoni, inakamata kalsiamu ya mwili, na inaua. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa.

Mwenye uzi

Asanteni sana wakuu. Nimemulika: sehemu iliyogota ilipanda papo hapo na kushuka nilipozima, wakati sehemu ya chini ya mkunjo haikubadilika kabisa. Nguzo nimezipima upya kwa pointi za chini na nambari imeanguka sana. Lakini bado ncha zinaungua. Kama silikoni inajizuia yenyewe, mbona zinayeyuka?

Mpima Mikondo

Kwa sababu tabaka tupu nalo lina kikomo. Ukilazimisha volti, uga ndani ya silikoni unakuwa mkali kiasi cha elektroni moja kuzaa nyingine kwa kugonga atomi, na kile kikomo cha uzalishaji kinavunjika. Huko ndiko kuruka unakokuona. Simama kwenye sehemu bapa ya grafu, ile iliyogota. Ndipo mkondo unapotulia, maana mabadiliko ya usoni hayana tena sauti.

Mchora Grafu

Na ncha hazifanani. Kwenye volti 4 kwa nanomita, ukiongeza uga asilimia 10 tu mkondo unapanda karibu mara tano. Ncha iliyo kali kidogo kuliko wenzake inabeba mzigo wa wote, na rezista yako ya nje haiwezi kujua ni ipi. Kila ncha inahitaji rezista yake.

Hapo ndipo chipu zako mbili zinapokutana: chonga ncha juu ya nguzo. Nguzo yako ya sasa ina takriban megaohm 1.3, kwa mikroampea 1 inazuia volti 1.3 tu, haisaidii kitu. Punguza kipenyo kiwe nanomita 200 kwa kimo kilekile, inakuwa megaohm 32 hivi, na ncha yenye pupa inapoteza volti 32 kwa mkondo uleule. Kikundi cha MIT kimetumia njia hii, nguzo nyembamba ndefu chini ya kila ncha, kila moja na breki yake.

Mwenye uzi

Nimeelewa. Nabaki na aina p kwa sasa, nichore barakoa mpya (kiolezo cha kuchongea) ya nguzo nyembamba. Nafasi kati ya nguzo niweke ngapi?

Mchora Grafu

Kama hutaweka geti (elektrodi ya kuvuta elektroni iliyo karibu na ncha), anza na mara mbili ya kimo, yaani mikromita 20. Zikisongamana zaidi ya hapo zinafunikana uga. Ukiweka geti karibu na kila ncha, hesabu hiyo haikuhusu, unaweza kuzibana sana.