Tupeane uzoefu: bastola ndogo ya kubeba ndani ya nguo, uliichaguaje?

Mleta mada, Dallas

Wakuu, salaam. Tangu Septemba 1, 2021 hapa Texas mwenye miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, anaruhusiwa kubeba bastola bila kibali. Ndugu kadhaa ninaowafahamu wakakimbilia dukani, wakatoka na ile aliyoisifia muuzaji. Sasa hivi zimelala kabatini. Kuibeba kutwa nzima ni shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo tupeane uzoefu: yako ni ipi, unavaa nini, unaiweka wapi? Ubishi wa "ipi ina nguvu" tuwaachie wenye muda. Angalizo moja kabla hatujaendelea: wenye grini kadi wanaruhusiwa kumiliki, lakini aliyeko hapa kwa viza ya muda, mfano ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza. Asije akaponzwa na uzi huu.

Naanza mimi. Ni fundi wa viyoyozi, kazi yangu ni kuinama na kupanda ngazi. Nina Glock 19, risasi 15, mtutu wa milimita 102. Watu huogopa urefu wa mtutu, kumbe mtutu unazama ndani ya suruali, hauonwi na mtu. Kinachokuumbua ni mpini. Ukiinama unachongoka mgongoni kama kona ya meza, na kwa joto la Dallas huwezi kuvaa koti kuuficha. Dawa yangu ilikuwa mkanda mgumu wa kiunoni na holsta (ala ya bastola) ya plastiki ngumu yenye kibawa kidogo kinachobanwa na mkanda, kinausukuma mpini ulale ubavuni. Bastola ni ileile, fulana ni ileile, na sasa haionekani.

Mama wa Minneapolis

Asante kwa mada. Nyie wanaume mnazungumzia mkanda wa suruali, sisi wa dera na buibui mkanda tunautoa wapi?

Wengi wananishauri niweke kwenye pochi. Siweki. Desemba 30, 2014, dukani Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili aliifikia bastola iliyokuwa kwenye pochi ya mama yake, ikafyatuka, mama akafa palepale. Mimi nina wawili wanaopekua kila kitu wakitafuta pipi.

Navaa mkanda mpana wa kitambaa unaovutika, chini ya kifua, na ndani yake kuna ala ngumu inayofunika triga yote. Kitambaa kitupu hakitoshi, kwa sababu kidole au kitu kingine kinaweza kukandamiza triga kupitia nguo. Dera nimempelekea fundi cherehani akaacha mshono wa ubavuni wazi kama shubiri moja, akatia vifungo vya kubana. Ukitembea huoni kitu. Ukivuta kwa nguvu, mkono unaingia.

Bastola yenyewe niliichagua kwa vidole. Vidole gumba vyangu vina baridi yabisi, na bastola nyingi ndogo zina springi ngumu, kuvuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) ni kupigana. Smith & Wesson Shield EZ imetengenezwa kwa watu kama mimi, slaidi inavutika kirahisi. Jaribuni wenyewe pale kaunta kabla ya kulipa, msimwachie mume avute kwa niaba yenu.

Halafu huku Minnesota kibali ni lazima: unasoma darasa, unaomba kwa sherifu, kinadumu miaka 5.

Dereva wa masafa, Ohio

Mleta mada, kwangu aliyechagua ni ramani. Ohio tangu Juni 2022 hatudaiwi kibali, lakini nilikichukua kwa sababu ya majimbo mengine. Na hata hivyo Illinois haitambui kibali cha jimbo lingine, New Jersey vilevile. New York na New Jersey magazini (kasha la risasi) inayozidi risasi 10 ni kosa, kwa hiyo hiyo 19 yako na magazini yake ya 15 ingeniingiza matatani. Nikachukua SIG P365, iliyotoka 2018: magazini yake fupi ni ya 10, na yote haifiki gramu 600 ikiwa tupu.

Sheria ya shirikisho ya 1986 inakuruhusu kupita na silaha isiyo na risasi, imefungwa, mbali na mkono wako. Kupita tu. Nikiwa na mzigo wa kushusha New Jersey, bastola inabaki nyumbani. Na muulizeni mwajiri kwanza, kampuni nyingi hazitaki kabisa.

Jambo jingine ni kiti. Nyongani haifai kwa dereva, mkanda wa kiti unapita juu yake. Mbele tumboni ni sawa, ila kitambi kinalalamika.

Mdau wa Nairobi

Huku kwetu hakuna kubadilisha kama shati. Cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha kinataja silaha yenyewe, na unakihuisha. Ukikosea kuchagua, utaishi nayo.

Nina Ceska P-01, nzito kidogo, kama gramu 800, lakini uzito huo ndio unaoituliza mkononi ukifyatua. Ina nyundo na kiwiko cha kuishusha bila kufyatua. Risasi ya kwanza triga ni ndefu na nzito, zinazofuata nyepesi. Lazima uzizoee zote mbili. Navaa suti kila siku, koti linaficha mengi. Na kwenye baa siendi nayo, wenzetu wameshapoteza vyeti kwa kuonyeshana.

Mzee wa North Carolina

Rivolva ya Smith & Wesson 642, risasi tano, mfukoni ndani ya ala yake, na mfuko huo hauingii hata funguo. Inabebeka kuliko zote mlizotaja. Kulenga nayo ndiyo kazi: ni nyepesi, inaruka mkononi, triga nzito. Kijana anayeanza asiinunue kwa udogo wake.

Mgeni, Houston

Wakuu, mnaweka risasi kwenye chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kufyatuka? Glock haina sefti ya pembeni, naogopa.

Mleta mada, Dallas

Naweka. Hatari kubwa ni pale unapoirudisha kwenye holsta: kamba ya jaketi au pindo la fulana likiingia kwenye triga, imefyatuka. Inua nguo juu kabisa, tazama kwa macho, rudisha polepole, hakuna anayekukimbiza. Bado unaogopa? Beba wiki kadhaa bastola ikiwa imekokiwa lakini chemba tupu, jioni ukaguzi: kama triga bado iko mbele, haijavutwa kutwa, holsta yako inafanya kazi.