Jicho moja kuzima kwa muda: namba gani ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa)?

Wakuu, niko masjala ya kituo cha afya huku Kongwa. Mzee mmoja, mkulima wa alizeti, jicho la kulia lilizima ghafla, baada ya dakika chache likarudi lenyewe. Maumivu hana, presha anayo. Daktari kaandika "upofu wa muda" basi. Mwenzangu anang'ang'ania H54.4, upofu wa jicho moja. Mie moyo unakataa.

> H54 ni ya uoni uliopotea ukabaki hivyo. Huyo si anaona? Daktari akiandika amaurosisi fugaksi (jicho kuzima kwa muda damu ikipungua), ni G45.3. Imewekwa kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu, jirani na kiharusi cha muda, ndiyo maana ukiitafuta kwenye macho utakesha.

> Na asipoandika hivyo?

> H53.1, humo mna kupoteza uoni ghafla. Ukikuta H53.121 mtandaoni, hiyo ni ya toleo la Marekani, achana nayo. Ila usimtungie daktari ugonjwa, mrudishie faili.

> Namba baadaye jamani! Mie nesi wa macho. Mzee apewe rufaa ya Dodoma mjini leo leo, apimwe mishipa ya shingo, moyo na sukari. Jicho kuzima hivyo huweza kutangulia kiharusi.

> Asante dada, namfuata daktari sasa hivi.