Goti la Mama: zamu za nyumbani

Dada Zuhura 19:02
Jamani, Mama anaruhusiwa kesho mchana. Goti bandia limeshawekwa, daktari kamaliza yake, iliyobaki ni yetu. Nataka majina ya zamu LEO. Wiki mbili za kwanza asiachwe peke yake, usiku wala mchana.

Dada Zuhura 19:05
Kabla hajafika: mazulia madogo yote yatoke, waya zisipite njiani, taa iwake usiku kucha kutoka kitandani hadi chooni. Kiti kiwe na mikono na pa kukalia pawe juu kidogo kuliko goti lake. Kwenye sofa asikae, atazama.

Dada Zuhura 19:31
Naona tiki za bluu tu.

Kibwana 19:40
Sofa limekosa nini tena 😂 lile lina kesi na kila mtu

Salma 19:41
Nimetoka kumwona. Ana mto chini ya goti, anasema unampa nafuu.

Dada Zuhura 19:41
MTO UTOKE

Mwanaidi Fizio 19:44
Mazoezi ya viungo ndiyo kazi yangu, nisikilizeni. Nafuu anaipata kweli, goti lililovimba hutulia likikunjwa kidogo. Shida ni kwamba likilala hivyo siku nzima, misuli ya nyuma ya paja inajifupisha, kovu la ndani linakaza, na goti halinyooki tena. Asiponyoosha mpaka digrii sifuri, yaani mguu sawa kabisa, atachechemea, na paja litachoka kwa hatua chache.
Taulo likunjwe liwekwe chini ya KISIGINO, goti libaki halijaegemea kitu. Dakika 5, zipande hadi 10, mara 3 kwa siku. Atasikia mvuto nyuma ya goti, ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Salma 19:46
Lakini daktari kasisitiza kukunja, digrii 90?

Mwanaidi Fizio 19:49
Vyote. 90 mwisho wa wiki ya pili hivi, na wengi hufika 110 hadi 120 miezi mitatu ya kwanza. Chini ya 90 hata kuinuka kitini ni vita. Ila kukunja huendelea kuongezeka kwa miezi. Kunyooka kukichelewa ndiko kunasumbua kurudisha, na ndiko watu wanakosahau.

Kibwana 19:50
Kwa hiyo mateke nianze kuyakwepa mwezi wa ngapi?

Dada Zuhura 19:58
Kibwana tulia. Mwenye zamu asome hapa.
Nyayo: avute vidole kuelekea usoni kisha asukume mbele, mara 10 kila saa akiwa macho. Hii ni ya damu isigande, asiruke.
Kukaza paja: mguu umenyooka, asukume goti chini kwenye godoro, ahesabu 5, alegeze. Mara 10.
Kuburuta kisigino kuelekea makalioni, ashikilie 5, arudishe. Mara 10. Kisigino kikikwama kwenye shuka, kiwekewe mfuko wa plastiki chini yake.
Seti hizo ziwe tatu au nne kwa siku. Dawa ya maumivu nusu saa KABLA, si baada. Barafu baadaye, dakika 15 hadi 20, kitambaa katikati.

Mwanaidi Fizio 20:01
Na kuinua mguu ulionyooka, lakini tazameni goti. Likilegea mguu unapopanda, paja halijawa tayari, arudi kwenye kukaza kwanza.

Hamisi 20:37
Poleni nilikuwa kazini. Mimi niwekeni wikiendi.

Dada Zuhura 20:38
Wikiendi. Kama ile wikiendi ya nyonga ya Mjomba?

Hamisi 20:38
Dada hayo yaliisha

Dada Zuhura 20:39
Yaliishia kwa nani? Aliyemkalisha Mjomba kwenye kigoda alikuwa nani? Kainama kuokota simu, nyonga ikachomoka. Na funguo za gari alikuwa nazo nani?

Mwanaidi Fizio 20:43
Naomba niingilie kwa sababu hili linachanganya. Mjomba alipasuliwa nyonga kwa nyuma. Masharti yake yalikuwa asikunje nyonga kupita 90, asipishanishe miguu, asigeuze vidole ndani. Goti la Mama halina masharti hayo. Msije mkamzuia kukunja kwa hofu ya yaliyompata Mjomba, mtamkausha goti.

Shangazi 20:50
Nitakuja mie nimsugue huo mguu mpaka uvimbe wote ushuke

Kibwana 20:51
Mikono ya Shangazi? Daktari atarudi kuweka goti la pili 😂😂

Mwanaidi Fizio 20:53
Shikamoo Shangazi. Shavu la mguu lisisuguliwe kabisa. Kama kuna damu iliyoganda mle, donge laweza kung'oka likaenda mapafuni. Uvimbe unashushwa kwa kulala mguu ukiwa juu kuliko moyo, na utakuwepo kwa miezi, msiogope.
Wa kuogopa ni huu: shavu linavimba ghafla, linauma, lina joto. Hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura, msisubiri hata dakika. Jeraha likitoa usaha, au homa ya 38 na kuendelea, mpigieni daktari.

Shangazi 20:55
Marahaba mwanangu. Basi nitakaa tu nimtazame.

Baba Mkubwa 21:20
Nimesoma yote. Hamisi atakaa wiki ya kwanza yote. Ya nyonga ya Mjomba wenu niliyasikiliza pande zote mbili, sitaki kuyaona tena humu. Na huo mto utolewe usiku huu.

Salma 21:34
Sawa Baba Mkubwa

Kibwana 21:34
Sawa Baba Mkubwa

Hamisi 21:41
Sawa Baba Mkubwa. Ila Jumanne na Jumatano naingia kazini usiku. Nani atanishikia?

Mama 21:48
Mto nimeutoa. Kesho nalala chumbani kwangu juu

Dada Zuhura 21:48
Mama ngazi!!

Mwanaidi Fizio 21:50
Ngazi zinawezekana akiwa ameshajaribu na fizio wodini. Mkono mmoja kwenye reli, mwingine gongo. Kupanda mguu mzima unatangulia. Kushuka, gongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Msaidizi awe ngazi moja chini yake, akipanda na akishuka. Apande mara moja usiku, ashuke mara moja asubuhi.

Dada Zuhura 21:52
Kitanda kishushwe sebuleni, rahisi.

Mama 21:53
Kitanda changu kisiguswe

Kibwana 22:05
Jumanne naweza. Mpaka saa nne usiku lakini

Dada Zuhura 22:06
Saa nne ndiyo anataka kwenda chooni Kibwana. Salma?

Dada Zuhura 22:31
Salma naona upo hewani. Jumatano haina mtu kabisa, na kiti bado hakuna aliyekipima.