Naomba ushauri: mawazo ya shujaa niyapeleke wapi kwenye filamu ya katuni?

Wakuu, naombeni ushauri. Nageuza komiki yangu ya shujaa kuwa filamu ya katuni, nimekwama kwenye sauti yake ya moyoni. Ukurasa wa kwanza yuko juu ya paa, mvua inamchuruzika, damu inapenya kwenye glavu, na visanduku vya maneno vimejaa hofu, uzee na hasira. Nikimpa msimulizi ayataje mawazo hayo, tukio linapoa. Nikiyafuta, anabaki katili tu. The Dark Knight Returns, komiki ya Batman ya Frank Miller (1986), ilipofanywa katuni ya sehemu mbili, 2012 na 2013, mawazo hayo yaliachwa, na kwa kweli nilimkosa Bruce (Batman mwenyewe) wa kitabuni. Mliowahi kuandika miswada ya katuni, woga wa mtu mwenye kinyago mnauonyeshaje? Macho yake nimeyachora meupe, hayana mboni.