Baiskeli ya mazoezi ya mama inagonga na mkanda unateleza, naombeni ushauri

BintiMjimwema

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu na baiskeli za mazoezi za ndani, hizi zisizoenda popote, zenye gurudumu zito la chuma mbele.

Mama yangu ana miaka 63, anaishi Kigamboni. Ana sukari na magoti yanamsumbua, na daktari alimshauri mazoezi yasiyomtwanga magoti. Mwaka jana nikamnunulia baiskeli hii ya mtumba kwa laki nne na nusu, tukaivusha kwa pantoni ikiwa nyuma ya kirikuu. Tangu hapo kila siku akimaliza sala ya alfajiri anapanda dakika 30, tasbihi imening'inia kwenye usukani. Ameipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumpelekea.

Sasa miezi miwili hii imeanza kugonga. Ko, ko, ko, kila mguu wa kulia ukishuka. Nikamwita fundi mmoja wa mtaani, akafungua kava la plastiki, akapulizia mafuta kila mahali, mkanda wa ndani pia, akachukua hela yake akaondoka. Kugonga hakukuisha. Na kibaya zaidi, sasa mama akikaza ile nobu nyekundu ili iwe nzito, pedali zinaporomoka ghafla chini ya miguu kama mtu aliyekosa ngazi. Wiki iliyopita nusura aanguke. Sasa haipandi tena, na mimi huku Tabata silali nikifikiria.

Kutu nayo imeanza chini ya usukani na kwenye nguzo ya kiti. Baiskeli inakaa barazani upande wa baharini kwa sababu kuna upepo. Je, imekufa hii au inatibika?

Kamanda_wa_Mbagala

Pole dada. Hapo weka oili chafu kidogo kwenye mkanda na gurudumu, kelele zitaisha.

FundiSpoku

Kamanda, tafadhali hapana, na dada usithubutu. Oili ni chakula cha cheni. Mkanda wa mpira kazi yake ni kushika puli (magurudumu ya ndani yanayozungushwa nao), ukiupaka mafuta unateleza, na ndicho kinachomtokea mama sasa hivi. Huyo fundi kaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Tuanze na kugonga. Nimetengeneza baiskeli Buguruni miaka mingi, hizi za mazoezi nazo naletewa, na kitu cha kwanza ninachofanya ni kusikiliza kabla sijashika spana. Ukisikia kelele mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, ugonjwa uko kwenye pedali, kwenye kranki (ule mkono wa chuma unaoshika pedali) au kwenye ekseli ya katikati. Ikiwa kelele inakwenda mbio kuliko miguu, basi ni gurudumu, mkanda au beringi za mbele. Ya mama inafuata mguu wa kulia, kwa hiyo gurudumu liache.

Fanya hivi. Shika kranki zote mbili kwa mikono, zitikise kwenda ndani na nje, kuelekea kwenye fremu na kurudi. Moja ikicheza peke yake, nati yake imelegea. Zikicheza zote mbili kwa pamoja, beringi za katikati zimechoka. Halafu shika pedali yenyewe uitikise. Rudi hapa utuambie.

Na asiipande kabla hujakaza. Kranki iliyolegea inakula tundu lake, lile la pembe nne. Likishaliwa hata ukaze vipi itarudi kulegea kesho yake, na hapo unanunua kranki mpya.

BintiMjimwema

Asante sana fundi. Nimempigia mdogo wangu yuko pale nyumbani, katikisa. Kranki ya kulia inacheza peke yake. Kushoto imetulia. Pedali ya kulia nayo ina mchezo kidogo.

FundiSpoku

Alhamdulillah, hilo ni jepesi. Toa kizibo cha plastiki katikati ya kranki, ndani utakuta nati au bolti. Ya nati mara nyingi inataka boksi namba 14, ya bolti inataka spana ya L namba 8. Vua nati, futa uchafu, rudisha ukaze kwa nguvu ya mtu mzima na spana ndefu. Akiendesha siku mbili tatu, kaza tena. Wengi hukaza mara moja wakasahau, na huwa inalegea kidogo mwanzoni ikijitafutia mahali.

Pedali inataka spana namba 15 nyembamba. Hapa sikiliza vizuri, maana nimeona kranki nyingi zimeuawa hapa. Pedali ya kulia inakazwa kama bolti ya kawaida. Ya kushoto uzi wake umekatwa kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi ili mwendo wa miguu usiifungue. Njia ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya ekseli, upande wowote ule, ukiisukuma kuelekea usukani unakaza, ukiivuta kuelekea kiti unafungua. Pedali zimeandikwa L na R mwisho wa ekseli, usizibadilishane. Weka grisi kidogo kwenye uzi, anza kwa vidole mpaka iingie yenyewe, spana ije mwishoni. Ukianza na spana huku imeingia upande, uzi umekwisha.

Mpiga_Pedali_Mbezi

Fundi kamaliza la kugonga, mimi niongezee la mkanda. Nina baiskeli nne za namna hii kwenye chumba changu cha mazoezi Mbezi Beach na kila kosa linaloelezwa hapa nimelilipia.

Dada, kwanza hakikisha kinachoteleza ni nini. Kava likiwa wazi, mtu mmoja azungushe pedali taratibu kwa mkono huku mwingine amekaza nobu. Pedali zikienda na gurudumu likabaki, ni mkanda. Mkifika hapo, tazameni mkanda upande wa ndani: una mistari mirefu kama njia za jembe. Mafuta yanajificha mle. Lowanisha tambara kwa spiriti, futa mkanda wote mstari kwa mstari, futa puli zote mbili, kausha, rudia na tambara safi mpaka lisitoke jeusi. Mimi mmoja ulipona kwa namna hii, mwingine ulikuwa umeshavimba nikautupa.

Ukilazimika kununua, soma maandishi mgongoni. Utaona namba ya urefu, herufi J na idadi ya mistari. Aina hiyo hiyo inatumika kwenye mashine za kufulia, kwa hiyo Kariakoo usiulize tu vifaa vya mazoezi, pita pia kwa wauza spea za mashine za kufulia ukiwa na mkanda wa zamani mkononi. Usiukaze kupita kiasi, utaziua beringi.

Pia, padi ya breki iliyo chini ya ile nobu. Yako inagusa gurudumu?

BintiMjimwema

Ndiyo, kuna kitu kama manyoya yaliyoshindiliwa, rangi ya kijivu, kinakandamiza gurudumu kwa juu. Sasa hivi kimelowa mafuta chapachapa.

Mpiga_Pedali_Mbezi

Hiyo ibadilishe, usijaribu kuifua. Padi ya manyoya inataka silikoni ya kupulizia kidogo sana ikikauka, utajua imekauka kwa mlio wa kukwaruza na harufu ya kuungua. Ikilowa mafuta ya mashine haishiki tena, na kumbuka hiyo ndiyo breki ya mama. Kwenye baiskeli hizi nyingi huwezi kuacha kukanyaga pedali zikasimama, gurudumu linaendelea kuzivuta. Anayetaka kusimama ghafla anabonyeza nobu chini. Padi mbovu ina maana hana breki.

Kwa wenye baiskeli za sumaku (uzito unaletwa na sumaku badala ya padi), hili halikuhusuni. Sumaku haigusi gurudumu, hakuna cha kulainisha pale.

Nuru_Upanga

Mimi padi ilikosekana nikakatiwa na fundi viatu kipande cha ngozi ngumu, unene ule ule, kikapigwa gundi na skrubu. Mwaka wa pili huu inashika vizuri.

FundiSpoku

Ngozi inafaa, hata viwandani kuna padi za ngozi. Ila vichwa vya skrubu vizame ndani kabisa visiguse gurudumu, na ijaribiwe na mtu mwenye nguvu kabla mama hajapanda.

Mzee_wa_Pwani

Binti, mpe mama shikamoo zetu. Mimi nazungumzia kutu, maana nyumba yangu nayo iko karibu na bahari.

Kigamboni hewa ina chumvi mchana na usiku, na masika unyevu unazidi. Ongeza jasho la mtu, nalo ni chumvi. Tone linaanguka kwenye shina la usukani, linateremka mpaka kwenye nobu ya kurekebishia urefu, linakauka pale. Ukitazama kwa tochi utaona kaduara keupe, na chini yake mstari wa kahawia. Kutu ya baiskeli hizi huanzia hapo, mahali mkono wa kufuta haufiki.

Itoe barazani. Iingie ndani, dirisha liwe wazi na feni imwelekee yeye. Akimaliza, tambara lenye unyevu kidogo lipite kwenye usukani, shina, kiti na fremu, kisha tambara kavu. Asimwagie maji na asitumie jiki, jiki inakula chuma. Ukifunika, funika na shuka, si nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Kutu iliyopo ipige msasa laini, futa, paka filamu nyembamba ya mafuta ya cherehani, futa tena mpaka isichafue kanga.

Mara moja kwa mwezi chomoa nguzo ya kiti na ya usukani kabisa, futa, paka grisi kidogo kwenye uzi wa zile nobu, rudisha. Mimi sikufanya hivyo, nguzo ikagandana na fremu, tukaikata kwa msumeno.

Nuru_Upanga

Hapo kwenye nguzo ya kiti naomba msipite haraka. Mwaka 2023 Peloton, kampuni ya baiskeli za mazoezi ya Marekani, ililazimika kutangaza kasoro kwenye baiskeli zake kama milioni 2.2 kwa sababu nguzo ya kiti iliweza kuvunjika mtu akiwa juu. Hiyo ni mpya, ya kampuni kubwa. Ya mtumba iliyokaa kwenye chumvi inastahili kukaguliwa zaidi. Tazama kama kuna ufa karibu na matundu ya kurekebishia, na usipandishe kupita alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo.

Na kama kuna wajukuu pale nyumbani, wasiwe karibu mama akiwa anakanyaga. Gurudumu la uzito ule halijui kidole cha mtoto. Akishuka akaze nobu mpaka mwisho ili lisizunguke.

BintiMjimwema

Wakuu narudi na majibu. Jumamosi nilivuka asubuhi na spana za kuazima. Kranki ya kulia nati ilikuwa inazunguka kwa vidole! Tundu bado liko salama, fundi, lina pembe zake nne. Nimekaza, pedali nimezifungua zote nikapaka grisi. Ile ya kushoto ningeiharibu kama si maelezo yako, mkono wangu wenyewe ulitaka kuzungusha upande wa kawaida.

Mkanda nimeufuta kwa spiriti mara tano, tambara la sita likatoka jeupe. Hautelezi tena. Padi nimeweka ya ngozi, nimelipa fundi viatu elfu tano, nikaijaribu mimi mwenyewe kwa nguvu zangu zote na inasimama. Nguzo ya kiti haina ufa. Baiskeli iko sebuleni.

Limebaki moja dogo: kioo cha kuhesabu kinaonyesha sifuri muda wote, ingawa kinawaka.

FundiSpoku

Kikiwaka, betri nzima. Kuna kiwaya kinapita ndani ya shina la usukani, nadhani kilichomoka ulipopandisha au kushusha. Fuata kiwaya mpaka kwenye kihisi karibu na puli ya pedali, kuna kisumaku kinapita mbele yake. Kikiwa mbali hakisomi, kisogeze kibaki nafasi ya milimita chache bila kugusana.

BintiMjimwema

Kilikuwa kimechomoka kweli, chini ya shina. Kinasoma sasa.

Mama amepanda leo alfajiri dakika 20, anasema hajasikia hata kugonga mara moja. Nimemfungia matambara mawili kwenye usukani, la bluu la unyevu na jeupe la kukaushia, pembeni ya tasbihi. Anawasalimu wote. Jumamosi ijayo navuka tena na boksi namba 14 kukaza ile kranki mara ya pili.